Dopamini

Dopamini ni kampaundi ya kikaboni inayotengenezwa ndani ya mwili wa binadamu na wa wanyama wengi. Katika ubongo ni nyurotransmita, yaani kemikali inayopeleka ujumbe kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Nje ya ubongo inafanya kazi katika figo, matumbo na mishipa ya damu. Fomula yake ya kikemia ni C8H11NO2.

Katika magazeti, redio na mitandao ya kijamii dopamini huitwa mara nyingi "homoni ya furaha". Jina hilo linapotosha. Tafiti za miaka mingi zimeonyesha kwamba kazi yake kubwa ni kumsukuma kiumbe atake kitu, ajifunze njia ya kukipata na aanze kutenda. Raha yenyewe inategemea pia kemikali nyingine. Tofauti hiyo inasaidia kueleza kwa nini mgonjwa wa Parkinson anashindwa kuanza kutembea, kwa nini mraibu anaendelea kutafuta kitu ambacho hakimfurahishi tena, na kwa nini mtu mwenye sonona haponi kwa kula vyakula vinavyosifiwa kuwa "vina dopamini".

## Utengenezaji

Mwili hutengeneza dopamini kutokana na tairosini, asidi amino inayopatikana katika vyakula vya protini kama maharage, samaki, nyama, mayai na maziwa. Tairosini inaweza pia kutengenezwa na mwili wenyewe kutokana na asidi amino nyingine iitwayo fenilalanini.

Kazi hiyo inapita hatua mbili. Kwanza kimeng'enya hugeuza tairosini kuwa levodopa. Kisha kimeng'enya cha pili hugeuza levodopa kuwa dopamini. Baadhi ya seli huendelea mbele na kuigeuza dopamini kuwa noradrenalini, na nyingine hugeuza noradrenalini kuwa adrenalini.

Dopamini iliyo tayari huhifadhiwa katika vifuko vidogo kwenye ncha ya seli ya neva. Ishara ya umeme inapofika, vifuko hufunguka na dopamini humwagika katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya seli mbili. Hapo hujishika kwenye vipokezi vya seli ya pili. Vipokezi vya dopamini ni vya aina tano, vinavyoitwa D1 hadi D5. Ujumbe ukishafika, sehemu kubwa ya dopamini hufyonzwa na kurudishwa katika seli ilikotoka, na inayobaki huvunjwavunjwa na vimeng'enya.

Kati ya damu na ubongo kuna kizuizi kinachochuja vitu vinavyopita. Levodopa hupita, lakini dopamini haipiti. Kwa sababu hiyo dopamini inayoliwa au kuchomwa kwa sindano haifiki kwenye ubongo. Jambo hili dogo la kikemia ndilo msingi wa tiba nyingi zinazoelezwa hapa chini.

## Njia za dopamini katika ubongo

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Zile zinazotengeneza dopamini ni laki chache tu, na nyingi zinakaa katika ubongo wa kati. Pamoja na uchache wao, nyuzi za seli hizo husambaa sehemu nyingi za ubongo. Njia kuu ni nne:

- Njia ya mwendo. Inatoka sehemu iitwayo kwa Kilatini *substantia nigra*, maana yake "dutu nyeusi", kwa kuwa seli zake zina rangi nyeusi. Inaelekea kwenye striatamu, na inasaidia kuanzisha na kulainisha mwendo wa viungo.
- Njia ya hamasa. Inahusika na kutaka, kutarajia na kujifunza kutokana na tuzo. Dawa za kulevya huathiri hasa njia hii.
- Njia ya gamba la mbele la ubongo. Inasaidia kumakinika, kupanga na kukumbuka jambo linaloshughulikiwa kwa wakati huo.
- Njia ya tezi ya pituitari. Hapa dopamini huzuia utoaji wa prolaktini, homoni inayochochea matiti kutoa maziwa.

Nje ya njia hizo, dopamini husaidia jicho kuzoea mwanga mkali, husaidia figo kutoa sodiamu katika mkojo, na hupunguza mwendo wa tumbo na matumbo.

## Historia ya utafiti

Dopamini ilitengenezwa katika maabara kwa mara ya kwanza mwaka 1910 na George Barger na James Ewens huko London, Uingereza. Kwa miongo mingi ilidhaniwa kuwa hatua ya njiani tu kuelekea noradrenalini na adrenalini, isiyo na kazi ya pekee.

Mwaka 1957 K. A. Montagu aliripoti kuwepo kwake katika ubongo wa binadamu. Mwaka huohuo Arvid Carlsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, waliwapa wanyama dawa ya reserpini, ambayo humaliza akiba ya kemikali kadhaa za ubongo. Wanyama walilala bila kujimudu. Walipochomwa sindano ya levodopa waliamka na kutembea tena. Carlsson alionyesha baadaye kwamba kilichorudi katika ubongo wao ni dopamini, wala si noradrenalini. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2000, pamoja na Paul Greengard na Eric Kandel.

Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz na Herbert Ehringer huko Vienna, Austria, walipima bongo za watu waliokufa wakiwa na ugonjwa wa Parkinson, wakakuta dopamini imepungua sana katika striatamu. Mwaka uliofuata Hornykiewicz alishirikiana na daktari Walther Birkmayer kuwapa wagonjwa sindano ya levodopa. Baadhi ya watu waliokuwa hawawezi kuinuka waliweza kusimama na kutembea kwa muda. Mwaka 1967 George Cotzias, aliyefanya kazi katika jimbo la New York, Marekani, alionyesha kwamba dawa ya kumeza ikianza kidogo na kuongezwa polepole hadi kipimo kikubwa inaleta nafuu ya kudumu zaidi.

## Kutaka na kufurahia

Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, waligundua kwamba panya waliotiwa waya mwembamba katika sehemu fulani za ubongo walibonyeza kitufe tena na tena ili kujipa mshtuko mdogo wa umeme. Wataalamu wengi waliona kwamba "kituo cha raha" kimepatikana, na dopamini ilipokuja kuhusishwa na sehemu hizo ikapewa jina la kemikali ya raha.

Majaribio ya baadaye yalileta picha tofauti. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichunguza panya ambao dopamini yao ilikuwa karibu imekwisha. Panya hao hawakukitafuta chakula hata kilipokuwa mbele yao, na bila kulishwa wangekufa njaa. Lakini walipotiwa maji ya sukari mdomoni, walionyesha dalili zilezile za kufurahia utamu kama panya wazima. Kufurahia kulibaki, kutaka kulipotea.

Nchini Uswisi, Wolfram Schultz alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya maji ya matunda. Mwanzoni seli zilishtuka tone lilipofika. Nyani walipojifunza kwamba taa huwaka kabla ya tone, seli zilishtuka taa ilipowaka, na tone lenyewe halikuzishtua tena. Taa ikiwaka na tone lisije, seli zilipunguza kazi kwa muda. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague walieleza kwamba dopamini hubeba tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Kwa lugha nyepesi, ni mwalimu anayesema "bora kuliko ulivyodhani" au "pungufu ya ulivyodhani", na ubongo hurekebisha mwenendo kufuatana na alama hiyo.

Maelezo hayo yanasaidia kufahamu mvuto wa kamari. Tuzo isiyotabirika haizoeleki, kwa hiyo kila mkeka wa kubeti au kila mzunguko wa mashine ya kamari unaendelea kuamsha matarajio, hata kama mchezaji anapoteza fedha.

## Dopamini na sonona

Sonona ni ugonjwa unaodumu kwa majuma au zaidi, ukiwa na huzuni nzito au kupoteza hamu ya mambo yaliyokuwa yakipendwa, pamoja na mabadiliko ya usingizi, chakula na nguvu. Kukosa hamu na kushindwa kuanza shughuli, hata ndogo kama kuoga, ni dalili zinazohusishwa na njia za dopamini. Hata hivyo sonona si "upungufu wa dopamini". Inahusisha kemikali nyingine kama serotonini na noradrenalini, urithi, homoni, magonjwa ya mwili na hali ya maisha: kufiwa, ukatili, ukosefu wa kazi, upweke.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha dopamini kilichopo katika ubongo, wala daktari hahitaji kipimo hicho ili kutambua sonona. Dawa nyingi za ugonjwa huo hufanya kazi hasa juu ya serotonini na noradrenalini. Bupropioni ni mojawapo ya chache zinazogusa dopamini moja kwa moja. Tiba ya mazungumzo nayo inasaidia. Njia mojawapo ni kumpangia mgonjwa shughuli ndogondogo za kila siku bila kungoja hamu irudi kwanza, kwa sababu mara nyingi hamu hufuata tendo.

Kujua kwamba hamu ina mizizi katika ubongo kunasaidia pia familia. Mgonjwa asiyeinuka kitandani huitwa mvivu au mwenye kujidekeza, na lawama hizo humchelewesha kufika kwenye matibabu. Mwenye mawazo ya kujiua anahitaji kusindikizwa hospitali mara moja, bila kuachwa peke yake.

## Uraibu

Dawa za kulevya huongeza dopamini katika njia ya hamasa, kila moja kwa namna yake. Kokeini huzuia dopamini isifyonzwe na kurudi katika seli. Amfetamini huisukuma itoke kwa wingi. Nikotini ya tumbaku husisimua seli zinazoitoa. Heroini huondoa breki inayozituliza seli hizo.

Katika Afrika ya Mashariki na nchi za jirani, mfano unaojulikana ni mirungi, inayoitwa pia miraa. Majani na vikonyo vyake vibichi vina kathinoni, kemikali inayofanana na amfetamini katika muundo na utendaji: husababisha dopamini na noradrenalini kutolewa, mlaji akawa macho, msemaji na asiye na njaa. Kathinoni huharibika majani yanaponyauka, na ndiyo sababu mirungi kutoka Meru nchini Kenya hufungwa kwa majani ya migomba na kusafirishwa kwa haraka sana. Sheria zinatofautiana: Kenya ni zao halali la biashara, Tanzania imepigwa marufuku, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014.

Matumizi yakirudiwa, ubongo hujilinda kwa kupunguza mwitikio wake. Raha hupungua, lakini vitu vinavyokumbusha dawa, kama mtaa fulani, rafiki fulani au noti mkononi, huendelea kuamsha tamaa kali. Hivyo mtu anaweza kukitaka sana kitu asichokifurahia tena. Uraibu hutibiwa kama ugonjwa, na kurudia matumizi baada ya kuacha hakumaanishi kwamba tiba haina maana.

## Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa huu umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Seli za dopamini katika *substantia nigra* hufa polepole kwa miaka. Dalili za mwendo huonekana wakati sehemu kubwa ya seli hizo imeshapotea: mkono kutetemeka ukiwa umetulia, viungo kukakamaa, mwendo kuwa wa taratibu, hatua fupi, sauti ndogo, maandishi madogo na uso usioonyesha hisia. Kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo na sonona vinaweza kutangulia kwa miaka.

Wengi huchukulia dalili hizo kuwa uzee wa kawaida, au kurogwa. Utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania, katikati ya miaka ya 2000, ulihusisha eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Wengi wa wagonjwa wa Parkinson waliopatikana hawakuwa wametambuliwa kabla, na hivyo hawakuwa na dawa.

Dawa kuu ni levodopa inayochanganywa na karbidopa. Karbidopa huzuia levodopa isigeuzwe kuwa dopamini kabla ya kufika kwenye ubongo, na hivyo hupunguza kichefuchefu. Mchanganyiko huo umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hauponyi ugonjwa, lakini unaweza kumrudishia mtu uwezo wa kula, kuvaa na kutembea mwenyewe. Mambo matatu ni ya kuzingatiwa:

- Chakula chenye protini nyingi hushindana na dawa, hivyo wagonjwa wengi hushauriwa kuimeza nusu saa au zaidi kabla ya kula.
- Dawa isikatizwe ghafla. Kufanya hivyo kunaweza kuleta homa kali, kukakamaa na hata kifo.
- Dawa za kundi linaloiga dopamini, kama pramipeksoli, huweza kumfanya mtu aliyekuwa mtulivu ashindwe kujizuia kucheza kamari, kununua vitu au kufanya ngono. Familia ikiona badiliko hilo imweleze daktari. Ni athari ya dawa, na mara nyingi huondoka kipimo kikipunguzwa au dawa ikibadilishwa.

### Upupu

Upupu, mmea wa jamii ya kunde unaojulikana kwa nywele za maganda yake ziwashazo, una levodopa katika mbegu zake. Watafiti wa India waliitenga kutoka mbegu hizo mwaka 1937, na tiba za jadi za huko zimeutumia mmea huo tangu zamani. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2017, uliohusisha wagonjwa 18 nchini Bolivia, ulionyesha kwamba unga wa mbegu zilizokaangwa ulisaidia mwendo kwa kiwango kinacholingana na cha dawa ya hospitali.

Hata hivyo kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kutumia upupu bila usimamizi, au pamoja na vidonge vya levodopa, kunaweza kuleta kutapika, kushuka kwa shinikizo la damu, viungo kuchezacheza bila kukusudia na kuona mambo yasiyokuwepo.

## Dawa zinazozuia dopamini

Katika skizofrenia, dopamini hutolewa kupita kiasi katika striatamu, na hali hiyo inahusishwa na kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyo ya kweli. Dawa kama klopromazini, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na haloperidoli huziba vipokezi vya D2 na kupunguza dalili hizo.

Kwa kuwa vipokezi vya aina hiyo vinapatikana pia katika njia nyingine, athari zake zinaeleweka kwa urahisi. Zikizuia njia ya mwendo, mgonjwa hukakamaa na kutetemeka kama mwenye Parkinson. Zikizuia njia ya pituitari, prolaktini hupanda, na mwanamke anaweza kukosa hedhi au kutoa maziwa bila kunyonyesha. Mgonjwa asiache dawa kwa sababu hizo, bali amweleze mhudumu wa afya.

Metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika inayopatikana katika maduka mengi ya dawa, huziba vipokezi hivyohivyo. Kwa baadhi ya watu, hasa watoto na vijana, husababisha shingo kupinda, macho kugeukia juu au taya kukaza saa au siku chache baada ya kuitumia. Hali hiyo inatisha na inaweza kudhaniwa kuwa kifafa, pepopunda au mashetani, lakini kwa kawaida hutulia haraka kwa sindano hospitalini. Ni muhimu kumwonyesha mhudumu dawa zote alizotumia mgonjwa.

## Imani zisizo sahihi

Ndizi huongeza dopamini ya ubongo. Ndizi zina dopamini kweli, hasa katika ganda, na inahusika na ganda hilo kugeuka jeusi. Lakini haivuki kizuizi cha ubongo. Ndizi ni chakula kizuri kwa sababu nyingine.

Vidonge vya tairosini huleta furaha. Mtu anayekula vya kutosha hupata tairosini ya kutosha, na seli hudhibiti zenyewe kiasi cha dopamini zinachotengeneza.

Mtu anaweza kufunga dopamini. Ubongo hauwezi kuacha kuitumia dopamini, na ukiacha mtu hataweza hata kusogea. Kupunguza muda wa simu, kamari au peremende kunaweza kufaa, lakini faida yake ni kubadili mazoea.

Dopamini nyingi ni bora. Kupungua na kuzidi vyote vina madhara. Afya hutegemea kutolewa kwake mahali panapofaa, kwa wakati unaofaa.

Usingizi wa kutosha, mazoezi ya mwili na uhusiano mwema na watu husaidia hali ya moyo kwa njia nyingi kwa pamoja. Kukosa usingizi usiku mmoja kunatosha kubadili hali ya vipokezi vya dopamini katika striatamu, na mazoezi ya mara kwa mara huboresha mwendo wa wagonjwa wa Parkinson. Hayo hayachukui nafasi ya matibabu kwa mtu aliye mgonjwa.

## Tazama pia

- Serotonini
- Adrenalini
- Sonona
- Uraibu
- Ugonjwa wa Parkinson
- Skizofrenia
- Mirungi
- Upupu